Muuaji anakunywa supu kibandani kwangu, na aliyemwona nimemlaza chumbani

(Jibu hili Anti alimpelekea mwenye barua kwa simu, wiki kadhaa kabla ya kuchapishwa hapa. Mtoto anayetajwa hayuko tena nyumbani kwake. Mwenye barua ameridhia ichapishwe, na majina, alama na tarehe zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa.)

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama lishe, nina kibanda cha supu na chapati kwenye mwalo mmoja wa dagaa, yaani pale mitumbwi inaposhushia mzigo, huku Kanda ya Ziwa. Nina mume na watoto wawili. Naomba unisome mpaka mwisho, maana jambo hili siwezi kumwambia jirani wala mchungaji, na usiku silali.

Kuna mtoto wa kiume, tumwite Juma. Ana kama miaka 11, mwenyewe hajui vizuri. Alikuja mwaloni mwishoni mwa mwaka jana kwa kudandia lori la magunia. Alitoroka kwa mjomba wake, aliyebaki naye baada ya bibi yake kufariki. Mgongo wake una alama za waya, kwa hiyo sikuhitaji kumuuliza mengi. Mwanzoni alikuwa anaokota dagaa wanaodondoka chini ya chanja, wenye mzigo wakawa wanamswaga kama kuku. Nikamwambia aje anioshee vyombo, nampa supu, chapati mbili na buku la mkononi. Usiku alikuwa analala na wenzake nyuma ya stoo za magunia, juu ya maturubai. Nilimwita aje alale kwangu akakataa. Alisema nyumbani ndiko watu wanakopigwa.

Sasa Anti, ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Kama wewe si mtu wa ziwani nikueleze: mbalamwezi ikikolea mitumbwi ya dagaa haiingii majini, kwa sababu dagaa hawafuati taa. Mwalo unabaki mtupu, makuli wanarudi makwao. Hata wenzake Juma walikuwa wamehamia stendi kutafuta riziki. Yeye alibaki peke yake. Usiku mkubwa akasikia watu wawili wanagombana kwa sauti ya chini, habari za hela ya mzigo. Mmoja alikuwa mfanyabiashara anayepeleka dagaa Kongo, mtu mzima, mpole, akinywa chai kwangu huwa anamwachia Juma chenji. Wa pili ni mtu ninayemjua mimi, na mwaloni hakuna asiyemjua.

Juma aliona kila kitu kupitia upenyo wa mbao za stoo. Alivyopigwa marehemu, na kitu alichopigiwa, sitaki kuandika. Kisha yule mtu akamburuta kuelekea majini, akarudi, akawa anachota mchanga anamwaga pale palipolowa. Simu ya marehemu ilikuwa imeangukia karibu na zile mbao. Juma akapenyeza mkono akaichukua. Anasema hakuwa anaiba. Kuna mtu alikuwa anampigia marehemu, simu inawaka bila mlio, na Juma akaogopa kwamba ule mwanga utamwonyesha alipo.

Alfajiri nilipofika kuwasha moto nilimkuta amejikunja chini ya meza yangu, katikati ya viroba vya mkaa. Alinitajia jina la yule mtu kabla sijamuuliza chochote. Nikampeleka nyumbani kwa bodaboda, nimemfunika kanga, na tangu siku hiyo hajatoka nje. Hii ni wiki ya tatu.

Yule mtu anakuja kibandani kila asubuhi. Anakaa benchi la kwanza, anaagiza supu ya sato, anaongeza pilipili, analipa, hanidhulumu hata mia. Juzi akaniuliza huku anamenya yai: "Mama, kale katoto kalikokuwa kanakuoshea vyombo kako wapi siku hizi?" Nikasema kamedandia lori la Kahama. Akacheka, akasema, "Watoto hawa hawana shukrani." Nikajifanya nakoroga sufuria ili asione mikono yangu.

Polisi walikuja, wakamkamata mlinzi wa stoo, mzee wa watu, kwa sababu alikutwa amelala na mlango wa stoo uko wazi. Yuko mahabusu. Mke wake anakuja kwangu kukopa mkaa, na kila akija analia. Na askari mmoja wa kituo cha karibu ni rafiki wa yule mtu. Wanakunywa supu pamoja, na anayelipa si askari.

Mume wangu anasema huyu si mtoto wetu, nimpakie basi arudi kwa mjomba wake kabla hatujaletewa balaa mlangoni. Simu ya marehemu nimeizika kwenye ndoo ya unga, imeshaisha chaji. Mume anataka tuitupe ziwani. Juma mwenyewe usiku anapiga kelele, na siku hizi anakojoa kitandani. Anaamka kabla yetu, analifua shuka mwenyewe gizani, akidhani sijui.

Nikinyamaza, mzee wa watu atafungwa. Nikisema, watamfikia mtoto, au watasema yeye ndiye aliyeiba simu na anajua zaidi ya anavyosema. Nifanyeje Anti? Nijibu haraka.

Mama Lishe, Kanda ya Ziwa

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Usimpandishe huyo mtoto basi. Natanguliza hilo kwa sababu nina wasiwasi mumeo ameshaulizia nauli. Kumrudisha kwa mtu aliyemchapa waya mpaka akaona heri kulala kwenye maturubai ni kumkimbiza mkatili mmoja na kumkabidhi kwa mwingine. Tena stendi ndiko wapiga debe, makuli na madereva wanakofahamiana na watu wa mwaloni. Kabla hajafika kwa huyo mjomba, itakuwa imeshajulikana kapanda gari gani.

Kumfungia ndani nako kumefika mwisho wake. Umemsitiri vizuri, lakini mtoto wa miaka 11 atakohoa, atachungulia dirishani, na wanao watamtaja shuleni. Wanao ndio ninaowaogopa zaidi; mtoto akiwa na mgeni nyumbani lazima atasimulia. Na yule mtu hakuuliza "kale katoto" kwa kukakumbuka. Ameshapiga hesabu zake: simu ya marehemu haipo, na anajua ni akina nani hulala nyuma ya zile mbao.

Kwa hiyo kwanza mtoe Juma hapo kwako, kihalali. Piga 116. Hiyo ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haikati salio, na si lazima utaje jina lako ndipo usikilizwe. Usipigie kibandani. Waeleze mambo mawili tu: unaye mtoto aliyekimbia ukatili nyumbani, na mtoto huyo anajua habari ya kosa kubwa la jinai inayohatarisha maisha yake. Jina la muuaji libaki kwako kwa hatua hiyo. Watakuunganisha na afisa ustawi wa jamii. Ukiona simu inakutia hofu, nenda mwenyewe halmashauri. Mama lishe akionekana halmashauri watu watadhani amefuata kitambulisho cha mjasiriamali, hakuna atakayekuuliza mara mbili.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwananchi yeyote mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo usijione mbea wala msaliti wa familia ya watu. Zile alama za waya nazo ziseme. Mjomba ana kesi yake ya kujibu, na zikiandikwa rasmi hakuna atakayeamka siku moja akasema mtoto arudishwe "kwa ndugu zake". Ustawi wana utaratibu wa walezi wa kuaminika, yaani familia zilizochunguzwa ambazo humpokea mtoto kwa muda. Omba hilo, na uombe iwe nje ya wilaya yenu. Akitokea wa kukuambia kwamba kwa usalama wake Juma atalala kituo cha polisi au mahabusu ya watoto, kataa kwa adabu na uulize mkubwa wake yuko wapi. Mahabusu ya watoto ni ya wanaotuhumiwa.

Sasa polisi. Huyo askari wa supu, mimi na wewe hatujui lolote juu yake zaidi ya kwamba anapenda kulipiwa. Pengine ni hilo tu. Lakini huwezi kubahatisha na roho ya mtoto, na hakuna sheria inayokulazimisha uanzie kituo cha jirani. Nenda kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, yule wanayemwita RCO, au nenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa wenu ukaonane na wakili wa serikali. Uende na afisa ustawi, na ukimpata, na wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe ambao hawana hela ya wakili. Ukifika mapokezi usimwage kisa chote mbele ya askari wa zamu na foleni ya watu nyuma yako. Sema una taarifa za kesi ya mauaji na unaomba kuonana na RCO mwenyewe. Kisha kaa, hata kama ni mpaka saa tisa. Maelezo ya Juma yaandikwe na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi akiwa amekaa pembeni yake.

Ukiwa mbele ya wakili wa serikali tamka mwenyewe kwamba unaomba ulinzi wa shahidi, usisubiri akuulize. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Pia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuiomba mahakama, bila upande wa pili kuwepo, iamuru jina na makazi ya shahidi yafichwe, nyaraka zinazoweza kumfichua zisitolewe, au ushahidi utolewe kwa njia ya video. Sitakupambia maneno: amri hiyo haiji yenyewe. Haitolewi kama hakuna aliyeiomba, na haisaidii kitu ikiwa jina la mtoto limeshapita vituo vitatu na magenge mawili ya kahawa. Ndiyo sababu nataka uanzie juu.

Tuje kwenye simu. Mwambie mumeo ziwa limeshabeba ya kutosha. Msiitupe, msiichaji, msiiwashe hata kwa dakika moja ya "kuangalia tu". Ikishika mtandao inajulikana iko eneo gani, na kama wapelelezi wanaisubiri, mlango wa kwanza kugongwa ni wenu, tena kwa ubaya. Usiifute huo unga wala usiishikeshike. Itie kwenye bahasha ya karatasi, uifunge, uipeleke pamoja na mtoto, na usitoke ofisini bila hati ya ukamataji mali yenye sahihi yako, ya aliyeipokea na ya shahidi aliyekuwepo. Kesi nzito zimeanguka nchi hii kwa sababu kielelezo hakikujulikana kimepita mikononi mwa nani na nani.

Na huo wizi unaouogopa, tulia. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya ni kosa. Umri wa Juma utahitaji kuthibitishwa, kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au daktari. Hiyo ni kazi ya ustawi, wewe usimpangie mwaka wa kuzaliwa. Lakini hata kabla ya kufika kwenye umri, mtoto aliyeichukua simu kwa kuogopa mwanga wake, kisha akaileta kwa mtu mzima alfajiri ileile, ni mwizi wa namna gani?

Kuna jambo umeliandika kwa kupita nami nikalisoma mara mbili. Umeitaja mbalamwezi ili nielewe kwa nini mwalo ulikuwa mtupu. Mahakamani, mbalamwezi hiyo itaulizwa kuliko kitu kingine chochote. Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1980 ambayo mawakili wa jinai wanaisoma kama msahafu, na tangu hapo ushahidi wa kumtambua mtu usiku huchekechwa kwa maswali yaleyale. Shahidi alikuwa umbali gani? Alimwangalia kwa muda gani? Mwanga ulikuwa wa nini, na mkali kiasi gani? Kuna kitu kilichomkinga? Alimfahamu mtu huyo kabla ya siku hiyo? Kusema "kulikuwa na mbalamwezi" peke yake hakutoshi. Wanataka kujua ilikuwa imekolea kiasi gani, iliangaza upande gani wa stoo, na sura ya mtu ilikuwa imeuelekea huo mwanga au imeupa kisogo.

Hapo ndipo Juma ana nguvu ambayo mtu mzima mpita njia asingekuwa nayo. Anamjua yule mtu kwa jina, kwa sauti, kwa mwendo. Amemwoshea bakuli asubuhi nyingi. Hiyo ni mbali sana na kuona sura ngeni mara moja gizani. Na kwa kuwa anamfahamu, gwaride la utambulisho lile la kupanga watu mstari huenda hata lisihitajike.

Lakini nguvu hiyo unaweza kuiharibu kwa nia njema kabisa. Usimwambie "ukiulizwa sema mwanga ulikuwa mkali". Usimpeleke kwenye upenyo wa mbao akakuonyeshe. Usimwonyeshe picha ya yule mtu kwenye simu umuulize "ni huyu?" Usimrudishe kwenye kisa ili mumeo naye asikie. Kila mtoto anaporudia, maneno ya watu wazima yanajipenyeza kati ya maneno yake, na wakili wa utetezi analipwa kuyatafuta hayo maneno. Akianza kusimulia mwenyewe usiku, msikilize mpaka aishie, umpe maji, asiulizwe swali. Alichokiona akieleze kwa maneno yake ya mwaloni. Kama hakuona kitu fulani, aseme hakuona.

Utasikia watu wakidai ushahidi wa mtoto mahakamani haukubaliki. Si kweli. Kwa marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ilimradi kwanza aahidi mbele ya mahakama kusema ukweli na kutosema uongo.

Na wewe usidhani utampeleka shahidi kisha urudi kukanda chapati. Wewe nawe ni shahidi, na huenda ni wa muhimu kuliko unavyojidhania. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mhusika mapema kabisa anaaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu ya maana anatiliwa shaka. Juma hakuchelewa. Alimtaja alfajiri ileile, chini ya meza yako, kabla hujafungua mdomo. Duniani anayeweza kulithibitisha hilo ni mtu mmoja tu. Wiki hizi tatu za ukimya ni zako, na utaulizwa juu yake, maana sheria inamtaka anayejua kosa limetendeka atoe taarifa. Jibu la kweli unalo: uliogopa, na unayemwogopa unampakulia supu kila asubuhi. Sema hivyo hivyo. Usiongeze chumvi.

Habari ya mzee wa stoo sitaizungusha. Kesi ya mauaji haina dhamana, na adhabu ya kuua kwa kukusudia katika sheria yetu ni kunyongwa. Hata kama hana hatia atakaa ndani mpaka upelelezi ukamilike na shauri lifike Mahakama Kuu, au mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoe. Mkurugenzi hawezi kuliondoa kwa jambo ambalo hajaambiwa. Mkewe usimdokeze lolote, hata kwa kumfariji, hata kwa "Mungu atajibu karibuni". Mwenye uchungu atalirudia neno hilo nyumba ya pili, na nyumba ya pili ina mtu wa mwaloni. Mkaa mpe, na deni usimdai.

Mumeo simlaumu sana. Woga wake una akili ndani yake, ila umeelekea pabaya. Mpe kazi: awapeleke watoto kwa bibi yao kwa kisingizio chochote kinachoaminika, na kwa kipindi hiki akae mbali na vijiwe na pombe. Kama anaona hawezi kufunga mdomo akishakunywa, asijue siku wala ofisi mnayokwenda. Utaniona mkali, lakini nimeshaona siri nyingi zikivujia hapo.

Kibanda usikifunge ghafla wala usibadilishe saa za kufungua. Akikuuliza tena, ni lori lilelile la Kahama, basi. Usiongeze rangi ya lori, usiongeze jina la dereva, usiseme alikuaga. Ukianza kuupamba uongo ndipo utakapojikwaa. Siku ukishaonana na RCO muulize wazi: mkimkamata, mimi nitauzia wapi? Kwa sababu ndugu zake na rafiki zake watabaki hapo mwaloni, na watakuwa wanahesabu nani alikuwa wapi. Hilo lipangwe kabla ya pingu. Ukiambiwa "tutaona", uliza tena.

Juma kukojoa kitandani ni hofu, inawapata watoto wengi walioona yasiyofaa kuonekana. Usimtanie, usiwaache wanao wamtanie, na umwambie afisa ustawi ili apate mtu wa kumsikiliza na daktari wa kumwangalia, mgongo ukiwemo. Shuka mwachie afue kama anataka. Baadaye, bila maneno, mwekee la pili karibu.

Siku ya kwenda, mwambie ukweli wote kabla hamjatoka mlangoni: mnakwenda wapi, kuna watu gani, watamuuliza nini, na kwamba hatarudi kulala kwako. Mtoto huyu alishatoroka mara moja. Akihisi anauzwa atatoroka tena, na safari hii kuna anayemtafuta. Muulize anataka kubeba nini. Kama huna hakika utaruhusiwa kumtembelea, usimuahidi.

Futa ujumbe ulionitumia, na huu pia ukimaliza kuusoma. Usiniandikie tena mpaka kesi iishe, hata kunishukuru.

Anti